Kozi ya Kemia ya Mwaka wa Kwanza Hupangwa, Hairithiwi

Hotuba hii ilitolewa kwa wahadhiri, wahadhiri wasaidizi na mafundi sanifu wa maabara za kemia kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, wahadhiri wasaidizi mnaobeba semina na praktikali, na ninyi mafundi sanifu wa maabara ambao mara nyingi hamwalikwi kwenye mikutano ya namna hii: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kemia ya utangulizi, ile ya mwaka wa kwanza, jinsi tunavyoipanga na jinsi tunavyoifundisha. Naomba nianze na swali, na kila mmoja ajibu kimoyomoyo. Katika idara yako, ni nani aliyeipanga kozi hiyo? Sikuulizi nani anaifundisha. Nauliza nani aliketi akasema: mada hii iwemo, hii isiwemo, hii itangulie ile, na sababu zangu ni hizi.

Katika idara nyingi swali hilo halina jibu. Kozi ilikuwepo. Mhadhiri mpya akiajiriwa hukabidhiwa faili la noti, slaidi za aliyemtangulia na rundo la pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, kisha huambiwa kipindi cha kwanza ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Kozi imepokewa kama shamba la ukoo: mipaka ipo, kila mtu anaiheshimu, wala hakuna anayemkumbuka aliyeipima.

Mnataka kujua kama kozi yenu ni ya kurithi? Fungueni ukurasa wa moli. Kama bado unasema moli ni idadi ya chembe iliyo sawa na atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12, basi noti hizo ni za zamani. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli imefafanuliwa kwa namba kamili, chembe 6.02214076 × 10²³, basi. Noti nyingi ninazoonyeshwa bado zina maana ile ya awali. Halitakuwa kosa litakalomfelisha mtu. Lakini linaonyesha kwamba kwa miaka kadhaa hakuna aliyeusoma ukurasa ule kwa jicho la anayepanga.

Nimekuja kusema jambo moja, na nitalisema mara nyingi mpaka tuagane nalo mlangoni: kozi ya mwaka wa kwanza hupangwa, hairithiwi. Na kuipanga ni kazi ya kisayansi ya daraja la juu kabisa. Kuna wanaodhani natia chumvi. Hao ndio ninaowapelekea kisa cha kwanza.

Septemba 1860, wanakemia zaidi ya mia moja walikutana mjini Karlsruhe, Ujerumani. Waliitana kwa sababu kemia ilikuwa haielewani. Huyu aliandika maji kuwa HO, yule akaandika H₂O. Kwa asidi ya siki peke yake, mwaka uliofuata mwanakemia Kekulé aliweza kuorodhesha fomula 19. Fomula 19 za kitu kimoja! Mfikirieni mwanafunzi wa wakati ule anayehama kutoka kwa profesa mmoja kwenda kwa mwingine.

Wakajadiliana kwa siku tatu, na mkutano ukawa unakwisha bila maafikiano. Ndipo Mwitaliano mmoja, Angelo Pavesi, akagawa kijitabu kilichoandikwa na mwenzake Stanislao Cannizzaro. Ndani ya kijitabu kile kulikuwa na nini? Ugunduzi mpya? Mtambo mpya? Hapana. Kulikuwa na muhtasari wa kozi. Cannizzaro alikuwa akifundisha kemia Genoa, na mwaka 1858 alichapisha jinsi anavyowapitisha wanafunzi wake, hatua kwa hatua, kuanzia wazo la Avogadro kuhusu gesi, kwamba ujazo sawa una idadi sawa ya molekuli, mpaka kwenye uzito wa atomu usiojipinga wenyewe. Alilazimika kulipanga jambo lieleweke kwa mtu anayeanza, na katika kulipanga hivyo akaona kwamba vipande vyote vinakaa. Mwanakemia wa Kijerumani, Lothar Meyer, alikisoma baadaye, akasema wazi kwamba shaka zake ziliondoka.

Ukumbini mle alikuwamo pia kijana wa Kirusi, Dmitri Mendeleev. Jina lake mnalijua. Lakini je, mnajua alikuwa akifanya kazi gani siku alipotengeneza jedwali lake? Mwaka 1867 alikuwa amepewa uprofesa wa kemia ya jumla katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg. Hakuwa na kitabu cha kiada kilichomridhisha, akaanza kukiandika mwenyewe. Juzuu la kwanza likamalizika mwanzoni mwa 1869, na ndani yake alikuwa amezishughulikia elementi chache tu kwa undani: hidrojeni, oksijeni, nitrojeni, kaboni, kisha klorini na ndugu zake. Wakati huo elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Hesabuni wenyewe: zaidi ya hamsini zilikuwa zimebaki, na juzuu lililobaki lilikuwa moja.

Hilo ni tatizo la nani, ndugu zangu? Ni tatizo letu! Ni tatizo la mhadhiri ambaye wiki zinakwisha na mada hazijaisha. Mendeleev angeweza kukimbia: leo elementi kumi, kesho kumi, mwanafunzi ashike atakachoshika. Hakukimbia. Alitafuta mpango ambao ungemwezesha mwanafunzi kuijua elementi kwa kuijua familia yake na majirani zake. Katika kuutafuta mpango huo, alipofika kwenye metali za alikali, yaani sodiamu na ndugu zake, na kuziweka karibu na halojeni, yaani klorini na ndugu zake, kwa kufuata uzito wa atomu, jedwali likaanza kujitokeza. Na lilikuwa na nguvu kiasi kwamba aliacha nafasi tupu akatabiri tabia za elementi ambazo hakuna aliyekuwa amewahi kuziona. Galiamu ikapatikana 1875, skandiamu 1879, jerimaniamu 1886.

Jedwali linaloning'inia katika kila darasa la kemia kuanzia Kigoma mpaka Mombasa lilizaliwa katika kuandaa kozi ya utangulizi. Nawaomba mlichukue hilo mrudi nalo kwenye vikao vya idara, siku ile mnapogawana masomo na kozi ya mwaka wa kwanza inaangukia kwa mwenzetu aliyeajiriwa mwezi uliopita kwa kuwa wakubwa wote wamekwisha kuchagua.

Mimi nasema kozi hiyo apewe mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote. Kwa nini? Kwa sababu kupanga ni kuacha, na anayeweza kuacha bila woga ni yule anayeijua kemia mpaka mwisho wake. Mhadhiri mgeni huogopa kuacha. Anahisi akiacha mada ataulizwa. Mzoefu anajua kwamba mada hii mwanafunzi ataikuta mwaka wa pili ikiwa na nyama, ya nini kumlisha mifupa sasa hivi.

Na tuache kwa hesabu. Tanzania, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za kujisomea. Tuchukue kozi ya krediti 12. Hizo ni saa 120. Zigawe kwa muhula wa wiki 15: saa 8 kwa wiki. Toa saa tatu za mihadhara, toa saa tatu za praktikali, toa saa moja ya semina. Imebaki ngapi? Saa moja. Saa moja ya kusoma sura nzima ya kitabu, kuandika ripoti ya maabara na kufanya maswali ya semina ijayo! Kisha tunasema wanafunzi wa siku hizi hawasomi. Tumepanga kozi ambayo, kwa hesabu zetu wenyewe, haiwezi kusomwa.

Kuna jambo la vitabu pia. Vitabu vinene vya kemia ya jumla tunavyovitumia, vile vya kurasa elfu moja na zaidi, viliandikwa kwa ajili ya vyuo vya Marekani, kwa kozi ya mwaka mzima, kwa mwanafunzi ambaye hakusoma kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi wetu Tanzania ametoka kwenye michepuo ya sayansi ya kidato cha sita, PCB au PCM au CBG, ameshakutana na msawazo wa kikemia na ameshachora benzini. Ndugu zetu wa Kenya hali yao ni nyingine: tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kidato cha tano na cha sita viliondolewa, na kijana akaanza kwenda chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha nne, shahada ikaongezwa mwaka. Kitabu kimoja, wanafunzi wawili tofauti kabisa. Je, mpango wa kozi unaweza kuwa mmoja? Hauwezi. Kitabu hakimjui mwanafunzi wako. Unayemjua ni wewe.

Sasa tuzungumze juu ya huyo mwanafunzi. Anaingia ukumbini akiwa na nini kichwani?

Kuna swali ambalo hupenda kuwauliza wanafunzi wapya, na nawasihi mlijaribu wiki ya kwanza. Chemsha maji kwenye birika la kioo. Mapovu makubwa yanapanda kutoka chini. Waulize: ndani ya povu mna nini? Waambie wachore, wasiandike fomula. Halafu pita kati ya viti uangalie.

Utakuta wanaochora hewa. Utakuta wanaochora hidrojeni peke yake na oksijeni peke yake, kana kwamba jiko la mkaa limevunja molekuli za maji. Na utakuta wale waliosema kwamba ni mvuke wa maji, molekuli zilezile za H₂O zilizoachana tu. Wanaokosea si wajinga. Hao hao wana alama nzuri za kidato cha sita. Hao hao watakokotoa joto la uvukizi bila kukosea desimali. Swali hili lilianza kuchunguzwa New Zealand miaka ya 1980 kwa watoto wa shule, kisha George Bodner wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, akawauliza watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza ya kemia na wanaanza masomo ya uzamili. Hata miongoni mwao walikuwamo waliojibu hewa, na wachache waliojibu hidrojeni na oksijeni.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba mtu anaweza kuzipanda ngazi zetu zote, mtihani hadi mtihani, bila kuiona molekuli hata siku moja.

Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye alichunguza kwa miaka mingi kwa nini kemia huwashinda watu, alilieleza vizuri. Alisema kemia inazungumzwa katika ngazi tatu. Ipo ile ya macho: rangi imebadilika, povu limepanda, chupa imepata moto. Ipo ya chembe: atomu, ioni na molekuli zinafanya nini huko tusikokuona. Na ipo ya alama: fomula, milinganyo, hesabu. Sisi tuliozoea hurukaruka katikati ya ngazi hizo bila hata kujitambua. Katika sentensi moja mhadhiri ameonyesha chupa, ametaja ioni na ameandika mlinganyo ubaoni. Anayeanza, ambaye akili yake inaweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, anabaki ameshika kile kitakachomsaidia kwenye mtihani. Nacho ni alama.

Tuchukue mfano ambao kila mtu humu anaujua. MaVa/MbVb = na/nb, ile fomula ya titresheni inayounganisha ukolezi (M), ujazo (V) na idadi ya moli (n) za asidi na za besi. Naona mnatabasamu. Hakuna mwanafunzi wa sayansi aliyepita kidato cha nne Tanzania asiyeijua fomula hiyo. Wapo wanaoikumbuka mpaka uzeeni. Mpe mwanafunzi asidi hidrokloriki kwenye bureti, sodiamu hidroksaidi kwenye chupa, matone ya POP (kiashiria cha fenolfthalini), na atakuletea jibu zuri. Sasa muulize: rangi ilipotoweka, ndani ya chupa kulikuwa na nini? Mwambie achore. Wengi watachora vijipande vya NaCl vimeshikana viwili viwili, vinaelea. Muulize: je, ioni za sodiamu zilifanya kazi gani katika mmenyuko ule? Kimya. Ndugu zangu, hazikufanya kazi yoyote! Zilikuwamo mwanzo, zimo mwisho. Kilichotokea ni kwamba ioni za hidrojeni na za hidroksaidi zimekutana na kuwa maji. Hiyo ndiyo kemia yenyewe, na fomula ile imempitisha pembeni yake.

Mwaka 1987, Susan Nurrenbern na Miles Pickering waliwapa wanafunzi wa vyuo vya Marekani maswali ya aina mbili juu ya gesi. Aina ya kwanza ni ya kukokotoa. Ya pili ni picha: tanki la chuma lenye hidrojeni, nyuzi 20 za Selsiasi, nukta zimesambaa tanki zima kuonyesha molekuli. Ukipoza mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, picha ipi ni sahihi? Jibu ni kwamba nukta zinabaki zimesambaa tanki zima, maana hidrojeni bado ni gesi. Wanafunzi waliofanya vizuri kwenye hesabu walianguka vibaya kwenye picha. Kwa hiyo uwezo wa kukokotoa haukuwa ushahidi kwamba wameelewa. Ni vitu viwili, na vyote viwili vinahitaji kupangiwa muda.

Ninapendekeza nini? Kila mada ya mwaka wa kwanza ianze na kitu kinachoonekana, iende kwenye mchoro wa chembe, na alama zije mwisho, zikija kufupisha kile ambacho mwanafunzi ameshakiona kwa macho na kwa fikra. Na katika semina, waacheni wabishane kwa Kiswahili. Mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, najua, na istilahi za Kiingereza lazima wazijue. Lakini kijana aliyesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, anapobishana na mwenzake kama povu ni hewa au ni mvuke, anafikiri katika lugha anayoitumia kununua nyanya. Ukimlazimisha abishane kwa Kiingereza, atanyamaza. Nanyi mtadhani ameelewa.

Lakini nawaonya. Mnaweza kubadilisha mhadhara, mkabadilisha semina, mkachora molekuli mpaka chaki ikaisha, na wanafunzi wasibadilike hata kidogo. Kwa nini? Nendeni kwenye vimbweta vya kujisomea wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Wanasoma nini? Noti zako? Kitabu? Wanasoma pasti pepa. Mwanafunzi ana mkopo wa serikali, ana wazazi wanaomtazama, anaogopa sapu, yaani kurudia mtihani, anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Atasoma kile kinachotahiniwa, na yuko sahihi kabisa kufanya hivyo. Silabasi aliyonayo mkononi ni pasti pepa za miaka mitano.

Basi anzeni na mtihani! Kabla hamjaandika mpango wa mihadhara, andikeni mtihani wa mwisho. Kaeni watatu au wanne, muulizane: tunataka kijana huyu aweze kufanya nini akitoka hapa? Andikeni maswali ya kupima hilo, kisha ndipo mpange wiki kwa wiki jinsi ya kumfikisha.

Niwape swali moja la namna hiyo. Pembezoni mwa Mlima Meru maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi nyingi. Mmeona meno ya watu wa huko yalivyobadilika rangi, na wapo ambao mifupa imepinda. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Swali: mwanakijiji anapendekeza tutie chokaa kwenye maji, ili kalsiamu ishike floraidi na kuizamisha kama kalsiamu floraidi. Je, itatosha?

Mwanafunzi anahitaji zao la uyeyukaji la kalsiamu floraidi, namba inayoonyesha ioni zake zinaweza kubaki majini kwa kiasi gani, karibu 3.5 × 10⁻¹¹ katika nyuzi 25. Akikokotoa vizuri, ataona kwamba maji yaliyotulia juu ya mashapo hayo bado yana floraidi karibu miligramu 8 kwa lita. Haitoshi! Kisha muulize: kama kalsiamu ikizidi, itakuwaje? Hapo msawazo wa kikemia, ambao alikuwa akiukariri tu, unaanza kumhusu. Atachora ioni, ataandika mlinganyo, atakokotoa, na mwisho atatoa hukumu juu ya maji ambayo mtu atayanywa. Halafu mwambieni kwamba katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, wamekuwa wakiondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mumwachie atafute kwa nini mifupa inafanya kile ambacho chokaa imeshindwa. Swali hilo linachukua nusu ukurasa. Halihitaji kifaa chochote kutoka ng'ambo.

Nije kwenye maabara, na hapa nazungumza na mafundi wetu hasa. Justus Liebig alipewa kazi Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 21. Alichokifanya, na dunia ikamfuata, ni kuwaacha wanafunzi wapime kwa mikono yao vitu ambavyo majibu yake hayakujulikana. Karne mbili baadaye, praktikali zetu nyingi ni za kufuata maelekezo: pima hiki, mimina kile, jaza jedwali. Jibu linajulikana tangu mwaka jana, na ripoti ya mwaka jana inazunguka mabwenini. Kijana anafika maabara anakutana na vifaa vipya, majina mapya, karatasi ya kurasa nne na saa ya ukutani. Anachofikiria ni kumaliza.

Praktikali ipangwe kwa swali. Watu wa pwani mnajua chokaa ya mawe ya matumbawe, iliyojenga majumba ya Kilwa, Zanzibar na Lamu. Ukichoma kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi, unapata kilo 56 za chokaa na kilo 44 zinakwenda hewani kama kaboni dioksaidi. Lakini jiwe halisi si safi. Swali la praktikali: mwenye tanuu akichoma kilo 100 za jiwe hili, atapata chokaa kiasi gani?

Mwanafunzi anasaga jiwe, anapima gramu 1, anatia sentimita za ujazo 50 za asidi hidrokloriki ya 0.5 M. Povu linapanda, analiona. Anachemsha kidogo kufukuza gesi. Kisha anaipima asidi iliyobaki kwa titresheni, kwa sodiamu hidroksaidi ya 0.2 M. Kama jiwe lingekuwa safi kabisa, angehitaji sentimita za ujazo 25. Akihitaji zaidi, jiwe lina uchafu, na kiasi cha uchafu kinakokotolewa. Sasa, ile fomula ya MaVa itamsaidia? Akiichomeka bila kufikiri itampoteza, kwa sababu asidi imekutana na vitu viwili, kwanza jiwe, kisha besi. Lazima ajue nini kimekutana na nini. Na kila kundi lina jiwe lake, kwa hiyo ripoti ya mwaka jana haina msaada. Wa bara watumie maganda ya mayai au makombe ya konokono. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya nitreti ya fedha tunayoimwaga kila muhula.

Nani anayejua ni jiwe lipi linasagika vizuri, asidi ipi imechakaa, saa tatu zinatosha au hazitoshi? Fundi wa maabara. Basi fundi akae mezani siku ya kupanga, siyo siku ya kuletewa orodha ya vifaa.

La ukumbi nitalipitia haraka, maana naona mwenyekiti anatazama saa. Mtaniambia: mwalimu, mimi nina wanafunzi mia tano, nitawashirikishaje? Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake nchini Marekani walizikusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati. Palipokuwa na mhadhara wa kusikiliza tu, wastani wa waliofeli ulikuwa karibu asilimia 34. Palipokuwa na ushiriki wa wanafunzi, karibu asilimia 22. Katika ukumbi wa watu mia tano, tofauti hiyo ni vijana sitini. Sitini! Na ushiriki hauhitaji mitambo. Uliza swali la povu, toa majibu manne, waonyeshe kwa vidole mbele ya kifua, wazungumze na jirani kwa dakika mbili, waonyeshe tena. Ukifanya hivyo mara mbili katika kipindi, umefanya kazi kubwa.

Lakini ukifungua mlango wa maswali, uwe tayari kuyapokea. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, kijana wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliona maziwa ya moto aliyoyatia kwenye friji yakiganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, mwalimu wa fizikia aitwaye Denis Osborne. Mpemba akauliza tena, mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwomba fundi wake wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo lile hutokea kweli na kwa sababu gani. Ubishi wa zaidi ya nusu karne ulitoka kwa kijana aliyechekwa. Katika kumbi zetu za mwaka wa kwanza, wangapi wanauliza mara ya pili?

Ndugu zangu, mchana huu tumetengewa saa mbili za kazi za vikundi. Kila idara imekuja na mpango wake wa kozi, nami nimeomba ziletwe kalamu nyekundu. Nawaomba msiongeze mada hata moja. Kateni. Kwa kila mada mtakayoiacha ibaki, andikeni pembeni kitu gani mwanafunzi ataona kwa macho, mchoro gani atauchora, na swali gani la mtihani litaipima. Mada isiyo na vitu hivyo vitatu mtaniambia jioni kwa nini bado imo. Kila kikundi kiwe na fundi wa maabara mmoja, na katibu wa kikundi awe mhadhiri msaidizi.

Kabla ya chai tuna dakika kumi za maswali. Naomba swali la kwanza litoke kule nyuma, kwenye safu ya mafundi.